Mwaka Niliowalipia Wenzangu Leseni

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi, kule Bububu, nikimsubiri shoga yangu Salma atoke zamu. Nyinyi mlikuwa watatu, mmesimama karibu na mfereji wa kunawia, sare zenu bado zina mikunjo ya dukani, mkiilalamikia ada ya leseni. Mmoja wenu alisema amelipa usajili, amelipa leseni, na kazi yenyewe hana. Anajitolea tu, na nauli anapewa na mama yake. Mwengine akasema kwa pesa zile afadhali angenunua simu. Mkacheka, mkaingia ndani. Hamkunijua, na mimi sikujitambulisha. Lakini njia nzima ya kwenda Kidichi nilikuwa nazungumza na nyinyi kichwani mwangu, na haya ndiyo niliyokuwa nikiwaambia.

Mimi ni Rukia. Nimekuwa mkunga miaka ishirini na kitu, na mwaka jana nimeacha kazi nikiwa na miaka arobaini na minane, kabla ya wakati wake, kwa sababu ya mgongo. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Yasiyoandikwa ni kwamba sijawahi kutulia mahali. Nimefanya kazi Makunduchi, Mwanakwerekwe, Mkokotoni, na hapo Bububu mara mbili, na kila nilipoizoea harufu ya dawa ya sakafu nilikuwa naomba uhamisho. Sasa hakuna wa kumwomba uhamisho, basi natembea tu. Naamka, nakunywa chai, nachagua kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, nakwenda kukiangalia kama mtu anavyokwenda kumjulia hali jamaa yake.

Kwanza niseme kwamba mna haki ya kulalamika. Ada ni nzito. Mimi niliingia kazini na cheti, baada ya kidato cha nne na chuo, na kwa mkunga wa cheti ada ya leseni ilikuwa sawa na viatu vya skuli vya watoto wawili na sare ya mmoja. Daktari analipa akasahau. Sisi tulikuwa tunaiona inakuja tangu mbali. Na kwa anayejitolea, ambaye hata mshahara wa kucheleweshwa hana, mimi kama ningeulizwa ningesema apunguziwe mpaka apate ajira. Lisemeni hilo kwenye vikao, tena lisemeni kwa majina yenu, msinong'one mferejini. Lakini lipeni kwanza, kisha mseme. Nina sababu ya kuwapangia hivyo, na sababu yenyewe hainipi sifa.

Wakati wetu hapakuwa na namba ya malipo inayokuja kwenye simu ukalipa umekaa kitandani. Ilikuwa lazima uende mjini, upange foleni dirishani, ulipe pesa mkononi, upewe risiti, kisha urudi siku nyengine kuifuata leseni yenyewe. Wodi ya wakunga sita haiwezi kufungwa ili wote wakapange foleni. Kwa hivyo tulikuwa na desturi ya bahasha. Leseni zikikaribia kwisha, kila mmoja anatia ada yake kwenye bahasha, anaandika jina lake na namba yake ya usajili juu, na mmoja wetu anapewa ruhusa ya siku nzima kwenda kulipa. Mpelekaji anachangiwa nauli na pesa ya maji ya miwa. Kwa miaka minne mfululizo mpelekaji nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua, nilikuwa najitolea kabla hawajauliza. Wenzangu walidhani ni ukarimu. Ilikuwa ni miguu.

Mkuu wetu hapo Bububu alikuwa Bi Sharifa. Mwanamke mfupi, mnene, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na alikuwa akitembea bila kusikika. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na alikuwa hafundishi kwa maneno mengi. Mwaka wangu wa kwanza nilimwekea mama mmoja mikono ya baridi tumboni, nikitafuta kichwa cha mtoto kiko wapi. Yule mama akaruka. Bi Sharifa aliona, akapita. Baadaye, nimeinama naandika, nikahisi kitambaa cha maji ya barafu kimewekwa nyuma ya shingo yangu. Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka.

"Sasa umejua," akasema, akenda zake.

Tangu siku hiyo nasugua viganja kabla sijamgusa mtu, hata nikienda kumpa pole mgonjwa. Alinifundisha pia kumsikiliza mama kutoka ukumbini, kabla hujamwona. Sauti ya mama anayezaa mwanzo inapanda juu, inalia. Mtoto akikaribia, sauti inashuka chini, inakuwa kama ya mtu anayesukuma kabati. Ukiisikia hiyo, acha chai yako. Siku hizi mna mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto inayotoa sauti chumba kizima, na ni nzuri, sisi tulikuwa na kile kipembe cha mti tunakandamiza sikio. Lakini mashine haitoki ukumbini kuja kukuita.

Bi Sharifa alikuwa na jambo jengine moja. Nyuma ya mlango wa chumba chetu cha zamu alipigilia ubao, na kwenye ubao kila mkunga alikuwa na nafasi yake ya nakala ya leseni. Leseni ikiisha, nakala inatolewa, na nafasi inabaki tupu mpaka mpya ije. Ambaye nafasi yake ni tupu hamgusi mama. Hakuna mjadala. Alikuwa akisema mama anayezaa hana nafasi ya kukuuliza wewe ni nani, kwa hivyo yeye anamuulizia.

Sasa niwaambie kuhusu mdogo wangu Zena.

Zena ameolewa Kidichi, mumewe ana shamba la viungo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mbali, safarini, kwa watu asiowajua, na waliomzalisha walimkaripia. Walimwambia anajidekeza. Alizaa salama, lakini alirudi na woga ambao haukuwa wake. Ikapita miaka sita hataki kusikia habari ya mimba. Alipopata ya pili alikuja kwangu kabla ya kumwambia mumewe, akanishika mkono.

"Huyu nitamzaa kwa sharti moja," akaniambia. "Umpokee wewe. Kwa mikono yako. Asije mtu mwengine."

Nikamwahidi. Ahadi yenyewe haikuwa ngumu: mimi mkunga, yeye ndugu yangu, wodi iko dakika chache kutoka kwake. Nilimhesabia miezi, nikaona atazaa wiki tatu hivi baada ya leseni mpya kuanza. Sikuona tatizo lolote.

Mwaka huo nilikwenda mjini na bahasha sita, tano za wenzangu na moja yangu. Nilifika mapema, na dirisha lilikuwa halijafunguliwa. Mtu mwengine angekaa kwenye ngazi akasubiri. Mimi nikasema nizunguke kidogo. Nikaingia vichochoroni Mkunazini, nikatokea Malindi, nikarudi kwa njia nyengine. Kwenye duka moja la vitu vya zamani, ambamo wageni hununua makufuli na sahani, nikaona mrashi. Mrashi wa shaba, shingo ndefu, tumbo la duara, wa kunyunyizia marashi kwenye shughuli. Bibi yetu alikuwa nao kama ule. Akitokea mtoto mpya nyumbani, bibi alikuwa akiutoa kabatini, anawanyunyizia wageni viganjani, na sisi watoto tulikuwa tunapita mara mbili mbili tukijifanya hatujapata. Sijui uliishia wapi alipofariki. Nilisimama pale dukani, nikauona mtoto wa Zena, na wageni, na viganja.

Mwenye duka aliniona nnavyoutazama, basi bei haikushuka. Sikuwa na pesa nyengine ila bahasha.

Zile tano sikuzigusa. Hilo naweza kuapa. Nilifungua ya kwangu, nikanunua mrashi, nikaenda dirishani nikawalipia wenzangu wote watano, nikachukua risiti tano, nikajiambia yangu nitailipa mshahara ukitoka. Mshahara ulitoka, lakini mwezi ulikuwa umeshakatika, na aliyechelewa alikuwa na faini juu ya ada. Pesa niliyokuwa nayo haikutosha vyote viwili. Ikabidi nisubiri mshahara mwengine.

Siku leseni mpya zilipoanza, Bi Sharifa alisimama mbele ya ubao na pini mdomoni. Akabandika ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Akaangalia bahasha kubwa kama kuna kitu kimebaki ndani. Akaigeuza juu chini.

"Na yako, Rukia?"

Nikamwambia. Nilitarajia atagomba. Alicheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye kifua, na Salma naye akaanza, na wote wakacheka. Salma akasema nimefanya kama mpishi wa shughuli, nimepakulia watu wote nikarudi nyumbani na njaa. Jina la Mpishi lilinikaa mwaka mzima. Kisha Bi Sharifa akavaa miwani yake, akanipa furushi la pamba na mkasi, akanionyesha meza ya pembeni. Kazi yangu mpaka leseni ije ni kukata vitambaa, kukunja mashuka na kufunga vifurushi vya kuzalishia. Nikamwambia kuhusu Zena, na ahadi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mapema," akasema. "Usimwachie akajua siku yenyewe."

Sikumwambia mapema. Nilipitisha wiki moja nikifunga vifurushi na kupiga hesabu zisizokuja sawa. Nilipokwenda Kidichi hatimaye, nilimkuta Zena uani, ameketi juu ya kibao kwa shida na tumbo lake, anachambua karafuu kwenye jamvi. Nikamweleza yote, na mrashi nikamwonyesha, nikidhani utamlainisha.

Aliuangalia, hakuupokea.

"Kwa hivyo umeuza zamu yangu," akasema, "kwa chupa ya marashi."

Nikaurudisha mrashi mkobani. Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, kwa sauti nyengine kabisa, kwamba basi nije nimzalishe pale pale nyumbani. Mumewe atakaa nje. Mlango ataufunga mwenyewe. Nani atajua?

Lisilonipendeza ndilo hili: nilikubali. Sikusema ndiyo kwa mdomo, lakini nilirudi kupitia Darajani, nikanunua glavu na wembe mpya na uzi, nikatia kwenye mkoba. Nilijiambia mikono ni ile ile. Ujuzi haukuisha pamoja na tarehe ya kwenye karatasi. Na hilo ni kweli, nyinyi mnaosema karatasi haizalishi mtu, ni kweli kabisa. Nilikuwa mkunga yule yule wa wiki iliyopita.

Siku mbili baadaye, nikiwa kwenye meza yangu ya vitambaa, alizaa mama mmoja bila tabu yoyote, mtoto wa tatu, mzima, analia vizuri. Kisha mama akaanza kutoka damu. Mmeshaona au mtaona. Inakuja kimya. Bi Sharifa alikuwa mkono mmoja tumboni anakisugua kizazi, Salma anatafuta mshipa wa kutundika maji, mwengine anachoma sindano, mwengine ameshakwenda kuita gari liwe tayari. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwapa vitambaa. Nilihesabu mikono. Minane, mbali na yangu. Damu ikasimama, yule mama akaomba chai. Mimi nikauangalia mkoba wangu umetundikwa msumarini, wenye wembe na uzi, na nikaona mikono yangu miwili kwenye chumba cha Kidichi kilichofungwa mlango.

Leseni haikunifundisha kuzalisha. Lakini ndiyo iliyokuwa ikinipa mikono mengine minane. Mkunga aliyeandikishwa anaita, watu wanakuja; aliyejifungia ndani na ndugu yake hana wa kumwita, kwa sababu akiita itabidi aeleze. Hiyo ndiyo maana ya ada nnayoijua mimi. Sijaisikia kwenye semina yoyote.

Glavu nilizitia kwenye kabati la wodi. Nikarudi Kidichi, nikamwambia Zena atazaa wodini na hatapokewa na mimi. Hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alisema tu, "Haya," akaingia ndani, na wiki nzima hakupokea simu yangu.

Mshahara wa pili ulipotoka nilikuwa dirishani mjini kabla halijafunguliwa, na safari hii nilikaa kwenye ngazi kama watu wengine. Nikalipa ada, nikalipa faini, nikapewa risiti, nikaambiwa leseni niifuate baada ya siku kadhaa. Nilikuwa bado naikunja risiti simu ikalia. Salma. Zena yuko wodini, ameletwa na mumewe kwa gari la jirani, na mambo yanakwenda mbio.

Nilifika asubuhi ya saa nne, jasho linanitiririka, risiti imeshikwa juu kama bendera. Kutoka ukumbini niliisikia sauti yake. Ilikuwa bado juu, lakini imeanza kushuka. Bi Sharifa alinikuta mlangoni, glavu tayari mkononi. Akaisoma risiti yote, mpaka muhuri.

"Hii inasema umelipa," akasema. "Ile ya ubaoni inasema umeruhusiwa. Mimi nataka ile."

"Bi Sharifa, nshalipa. Ni siku chache tu."

"Najua. Nimefurahi umelipa." Akanirudishia risiti. "Vaa gauni la ndugu. Unaingia kama dada yake. Kaa kichwani kwake, na mikono yako iwe mikononi mwake, nisiione kwengine."

Kwa kawaida tulikuwa haturuhusu ndugu ndani. Ile ilikuwa zawadi, na mimi wakati ule niliiona adhabu. Nikavaa gauni lile la kijani linalofungwa nyuma, nikaingia. Zena aliponiona alifumba macho. Nikasugua viganja vyangu, nikamshika mikono. Hakunisukuma.

Sijawahi kuona kazi ngumu kama kukaa upande ule. Kila mara nilitaka kuinuka nichungulie. Nikamwambia Zena apumue, nikamwambia asisukume bado, nikamwambia ageuze kiuno.

"Huko juu," Bi Sharifa akasema bila kuinua kichwa, "wakunga ni wangapi?"

Zena akacheka. Katikati ya uchungu, akacheka, kicheko kifupi kilichokatwa na maumivu. Hakuna aliyemkaripia. Bi Sharifa alikuwa anamsemesha kwa upole, "mwanangu, vizuri, hivyo hivyo, nnakiona kichwa," kama anayemwelekeza mtu njia ya kwenda dukani. Sauti ya Zena ikashuka, ikashuka, akanibana vidole mpaka pete ikaniingia. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuangalia, nikamwangalia yeye.

Nimewapokea watoto ambao sijui idadi yao. Kila mara, dakika ile mtoto anapotoka, macho yangu yako shingoni mwake kama kitovu kimemzunguka, yako mabegani, yako kwenye saa ya ukutani. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini maana yake, kwa miaka yote ile, sikuwahi hata mara moja kuuona uso wa mama wakati huo. Siku ile niliuona. Siwezi kuwaeleza ulivyokuwa. Sio furaha, furaha ilikuja baadaye na machozi. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake kutoka mbali na sasa hivi amelisikia.

Mtoto alikuwa wa kike. Bi Sharifa akamlaza kifuani kwa mama yake. Zena akamshika, kisha akageuza kichwa kuniangalia mimi niliyekuwa juu yake.

"Woga umekwenda," akaniambia. "Ungekuwa kule chini nisingekuwa na mkono wa kushika."

Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Alinipa mtoto nimtie adhana sikioni, nikamwambia hiyo ni kazi ya babake, amesimama dirishani anangoja.

Leseni yangu ilitoka baada ya siku tisa. Bi Sharifa aliibandika mwenyewe, akaigonga pini kwa kiatu. Tangu hapo sikuchelewa hata mwaka mmoja. Nilikuwa natenga kidogo kidogo kila mwezi, mshahara ukiingia, kabla ya kununua hata kitunguu, na mwezi wa ada ulipofika ilikuwa kama nalipa pesa ya mtu mwengine. Fanyeni hivyo. Na anayejitolea, ambaye hana cha kutenga, wenzake walioajiriwa wamchangie bahasha yake. Sisi tulifanya hivyo mara mbili, na hakuna aliyekufa njaa.

Asubuhi ile ile ya leseni alikuja mama mmoja wa Kidichi, mimba yake ya kwanza, mwenye haraka. Nikampokea mtoto. Nikaangalia shingo, nikaangalia mabega, nikaangalia saa, nikamfuta, nikamweka kifuani kwa mama yake. Kisha nikainua kichwa, nikamtazama yule mama usoni, nikasimama hivyo.

Bi Sharifa alikuwa mlangoni, sikumsikia alivyoingia. Akaniuliza natazama nini.

"Namtazama mama," nikasema.

Na yeye akamtazama. Tukawa wawili tunaomtazama.

"Haya," akasema hatimaye, "mtazame. Lakini kondo la nyuma bado halijatoka."